Mlango Ulioangalia Ziwa Lisilokuwepo

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilikwenda bombani kuchota maji, foleni ikanichelewesha, na niliporudi nikakuta nyumba yetu haina mlango. Sisemi kwamba uliibiwa. Pale nilipotokea asubuhi ile nikiwa na ndoo tupu, babu yako Wilondja alikuwa amepanga matofali mabichi mpaka kifuani. Upande wa pili wa nyumba, upande wa mashariki, alikuwa ametoboa tundu kubwa linalotazama choo cha jirani. Nikatua ndoo, nikamwuliza niingilie wapi. Alicheka tu, udongo umemjaa mpaka kwenye nyusi.

Nakusimulia haya kwa sababu ya Jumapili iliyopita. Ulikuja toka Area 36, kule Lilongwe, na futi yako ya kupimia, na simu iliyojaa video za watu wanaovunja kuta za nyumba zao wakiwa wamevaa nguo safi. Mimi nimeishi na mafundi, wa kweli na wa kujifanya, lakini fundi mwenye nguo safi sijawahi kumwona. Ukapima ukuta wangu, ukapiga picha, ukasema Jumamosi utarudi na nyundo. Mlango huu wa njiani unaoleta vumbi, ukasema, tuuzibe, tuweke dirisha kubwa, na mlango mpya ukae nyuma kwenye utulivu. Nami nikakujibu, "Aksanti mjukuu wangu, ni vizuri."

Ulipoondoka nilikaa nikajisikia nimesema maneno ya mtu mwingine. Nayajua maneno hayo, Neema. Niliyasikia ndani ya nyumba hii hii nilipokuwa na umri kama wako, na najua yalikotupeleka.

Miaka ile hapa kambini Dzaleka, kati yetu wakimbizi, hakuna aliyekarabati kitu. Paa likivuja, mtu alisogeza kitanda. Ukuta ukipata ufa, aliutundikia kitenge. Kila mtu alikwambia yeye ni mpita njia, leo yuko hapa, mwakani yuko Kanada. Wengine waliosema hivyo wana wajukuu sasa, na kitenge bado kinaning'inia palepale. Babu yako hakuwa hivyo. Alipenda kujenga, na mikono yake ilikuwa haijui kutulia, lakini alikuwa mtu wa kuanza na ukuta kabla hajauona ufa.

Tulikuwa na chumba kimoja na kipande cha pili kilichogawanywa kwa mabua. Tulikuwa tumeoana juzi tu wakati mama yake alipotufikia. Wewe hukumkuta. Tulimwita Koko Nyota, yaani bibi Nyota. Alikuja peke yake toka kwetu kando ya ziwa, upande wa Mboko, kule Fizi, amepita Tanzania kwa miguu na kwa malori, na mumewe alikuwa amebaki kule kaburini. Alifika na kifurushi kidogo na sauti ndogo. Usiku wa kwanza tu alituambia wazi kwamba asipopazoea hapa atarudi kwao. Wilondja akamwambia vita bado vipo. Akamjibu kwamba hata vita vina siku zake za kupumzika.

Hilo ndilo lililomkosesha babu yako usingizi. Tulikuwa tumesikia habari za watu waliorudi. Baadhi walifika wakakuta mashamba yao yana wenyewe wapya, na wengine hawakusikika tena. Mama akiondoka, Wilondja alijua hatamwona. Kwa hiyo akawa anatafuta kamba ya kumfunga hapa, na yeye kamba aliyoijua ilikuwa moja tu, kujenga.

Sasa kuna jambo la watu wa kando ya ziwa ambalo ninyi mliozaliwa hapa hamlijui. Kule kwetu nyumba huangalia ziwa. Milima inakaa mgongoni, jua linatoka majini mbele ya mlango, na mvua kubwa inashuka toka milimani inapiga ukuta wa nyuma. Nyumba iliyoligeuzia ziwa mgongo, watu waliisema: hao wenyewe wana ugomvi, au wanaficha kitu. Mtoto anayejenga kibanda cha kuchezea mchangani, hata bila kufundishwa, mlango anauelekeza majini.

Nyumba yetu ya Dzaleka iliangalia njia, upande wa magharibi. Wilondja akajishawishi kwamba ndiyo sababu mama hatulii. Mama aliamka kila asubuhi, akatoka nje, akaona vumbi na migongo ya watu. Angeamka akaona jua linachomoza mbele yake, moyo wake ungekaa. Kwamba ziwa lenyewe halikuwepo, kwamba kati yetu na ziwa lolote palikuwa na mwendo mrefu wa gari, hilo hakulitia katika hesabu.

Wakati huo alikuwa anapata vibarua Lilongwe, pale City Centre, kubeba vifusi katika jengo la maofisi lililokuwa likirekebishwa. Walikuwa wanang'oa milango mizuri ya mbao ili waweke ya vioo. Aliomba mmoja akapewa. Ukafika barabara kuu juu ya lori la mkaa, na kutoka barabarani ukaletwa kwa kabaza. Mwenye baiskeli alikataa kupanda, alisukuma tu, mlango umelala kwenye kiti cha abiria na babu yako anaushika kwa nyuma kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Watoto walifuata msururu mzima. Mlango ule ulikuwa na kitasa cha shaba na namba kumi na nne ya chuma, na kwa muda mrefu watu wa mtaa wetu waliiita nyumba yetu ofisi.

Asubuhi ile nilipokuta matofali mlangoni nilimwuliza mara moja tu, "Mama anajua?" Akasema mama atafurahi. Bibi arusi haulizi mara mbili, au ndivyo nilivyofundwa, nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji ya udongo.

Koko Nyota alikuwa amekwenda upande mwingine wa kambi kumsaidia binamu yake aliyejifungua, na Wilondja alitaka amalize kabla hajarudi. Haraka haraka haina baraka, na kwa mjenzi wa udongo ndiyo adui wa kwanza. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, wingu limeanza kuonekana. Matofali aliyoziba nayo mlango wa zamani yalikuwa hayajakauka. Ukiyabonyeza kwa kidole yanaitikia. Wala hakuyafungamanisha na ukuta wa zamani. Aliyasimamisha tu katikati yake, akapaka udongo juu, akaridhika.

Halafu mlango wenyewe ulikuwa mrefu kuliko nyumba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mlango hauinami, na yeye hakuwa na moyo wa kukata mbao nzuri vile. Basi akaukata ukuta. Akapandisha tundu lile la mashariki mpaka juu ya mlango pakabaki safu moja ya matofali, kisha paa la nyasi na plastiki. Ulisimama pale unang'aa, na kusema kweli hata mimi niliupenda.

Koko aliporudi alikuja kwa njia yake ya kila siku. Alitembea moja kwa moja mpaka ukutani, akainua mkono kutafuta komeo pale ambapo komeo halikuwepo tena. Alisimama hivyo kidogo, kiganja kimegusa udongo mbichi. Wilondja akatokea anacheka, akamshika mkono, akamzungusha nyuma ya nyumba. Akamwonyesha kitasa, akamwonyesha namba, akamweleza jua litakavyotoka pale mbele yake kama nyumbani. Pale mbele palikuwa na choo cha jirani kilichozungushiwa mabua.

Koko akasema, "Aksanti, mutoto wangu. Ni muzuri."

Wilondja alilala siku hiyo kama mtu aliyetua mzigo. Watu husema nyumba njema si mlango. Yeye alikuwa bado hajalisikia neno hilo likimwingia.

Mimi ndiye niliyebaki na mama mchana, kwa hiyo mimi ndiye niliyeanza kuona. Zamani, kila asubuhi, Koko alikuwa anakaa kwenye khonde, ile baraza ndogo ya udongo mbele ya mlango wa njiani, anachambua maharage. Watu walipita wakamsalimu. Na alikuwepo mama mmoja wa kijiji cha jirani, Mai Chisomo, aliyepita anauza majani ya maboga. Alikuwa anatua kikapu pale kupumzisha shingo. Koko hakujua Chichewa zaidi ya ndili bwino na zikomo, sijambo na asante, na Mai Chisomo hakujua Kiswahili hata hicho kidogo. Lakini walikaa wakimenya nyuzi za majani, huyu anasema yake na yule yake, na walicheka pamoja. Nilikuwa nafua nguo pale pembeni, sikuwahi kuliona kuwa jambo. Ni wanawake wawili na majani, nilijiambia.

Baada ya mlango kuhamishwa, Koko alikaa nyuma, mkabala na choo. Hakuna mtu anayesalimia watu akielekea chooni. Siku moja nikasikia sauti ya Mai Chisomo upande wa njia inapiga odi. Alipiga odi kwenye ukuta mara kadhaa, kisha nikasikia nyayo zake zinaondoka. Nilimtazama Koko. Alikuwa ameacha kuchambua, amegeuza kichwa, lakini hakuinuka. Kuzunguka nyumba nzima kwa magoti yale, mtu angekuwa amekwisha fika mbali.

Wiki ile alianza kuuliza kanisani ni nani ana safari ya kurudi upande wa Fizi. Nikamkuta anakunja vitenge vyake, anavipanga ndani ya kifurushi kilekile alichokuja nacho. Nikamwambia mume wangu. Alishika kichwa. Alikuwa amejenga ili mama abaki, na mama ndiyo kwanza anafunga mzigo. Na unajua alisema nini? Alisema atapaka chokaa, na atajenga khonde kubwa zaidi upande wa mashariki. Mtu wa kujenga akiona nyumba imemshinda, dawa anayoijua ni nyumba zaidi.

Mvua ya kwanza haikumsubiri. Ilikuja mchana, na ilitoka mashariki, imelala ubavu kama zinavyofanya mvua nyingi za hapa Dowa. Kule kwetu mvua ilipiga mgongo wa nyumba. Hapa tulikuwa tumeifungulia uso. Tulikuwa ndani watatu. Maji yalipita chini ya ule mlango wa ofisi kana kwamba ndiyo yaliyoalikwa. Wilondja akaenda kuusukuma ufunguke tukachimbe mfereji nje, mlango ukakataa. Mbao zilikuwa zimelewa maji, zimevimba ndani ya fremu, na kila alipousukuma ile safu moja ya matofali juu yake ilimwaga tope, paa likashuka kidogo, kisha kidogo tena.

Niliogopa, mwanangu. Sikuogopa kiasi kile hata njiani tulipokuwa tunakuja. Chumba kimoja, mlango mmoja, na mlango umeshikwa. Koko alikaa kwenye kigoda chake, kifurushi mapajani, anatazama maji yanavyokatiza sakafu kuelekea upande wa njia, maana sakafu ilikuwa na mteremko wa kule tangu mwanzo. Maji yakaufikia ule ukuta mpya, yakaulamba chini. Matofali yale mabichi hayakupiga hata kelele. Yaliteleza nje taratibu, yakalala njiani, na mlango wetu wa zamani ukawa wazi tena, mweupe kwa mwanga wa mvua.

Mai Chisomo alikuwa anakimbia njiani na kikapu kichwani. Alipoona nyumba imefunguka, aliingia. Alipokwisha kuingia, amesimama katikati ya chumba analowesha sakafu iliyokwisha kulowa, ndipo akakumbuka adabu akasema, "Odi."

Koko Nyota alicheka. Alicheka mpaka akashika ubavu. Akainuka, akamsogezea kigoda chake mwenyewe, akamvua kikapu kichwani, na kifurushi chake kikaanguka kwenye maji bila yeye kukitazama. Tukakaa wote upande ule, mbali na paa linaloshuka, mpaka mvua ikakatika. Wawili wale hawakunyamaza hata kidogo.

Mgeni alipoaga, Wilondja alikuwa amesimama katikati ya tope lake. Alimwuliza mama yake kwa sauti ya chini kwa nini hakusema, kama mlango haukumfaa.

"Uliniuliza siku gani?" mama akasema.

Mama akamvuta chini wakakaa kwenye khonde ya zamani, na maneno aliyomwambia mimi nimeyahifadhi mpaka leo kama alivyoyasema, yeye watu akiwaita bantu.

"Ulipima ukuta, ukapima mulango. Mi hukunipima. Ziwa ile nilishaililia njia yote, nikamaliza. Hapa mi natafuta bantu. Pale njiani njo bantu banapita, bananiita mama, mi naitika. We ukanitoa kwa bantu, ukaniweka kwa choo ya jirani." Kisha akasema kwa upole zaidi, "Ziwa njo we unaililia. Ulie, mutoto wangu, si mubaya. Lakini usijenge kilio yako kwa nyumba yangu."

Babu yako alilia. Mwanaume mrefu vile, na tope mpaka magotini, alilia kana kwamba ndiyo kwanza anaambiwa baba yake hayupo, maana nadhani siku alipoambiwa hakulia. Mimi niligeuka nikajifanya nakusanya majani ya maboga yaliyodondoka. Nilimhurumia, na pia nilikuwa na hasira naye, na vyote viwili vilikuwa kweli kwa wakati mmoja. Mama alimwacha alie mpaka amalize. Kisha akamtuma akachimbe udongo wa kichuguu, kwa sababu ndio unaoshika.

Walijenga upya wakati jua liliporudi. Safari hii alimwuliza kila kitu, mpaka mama akachoka kuulizwa. Mlango wa ofisi aliukata chini, akauweka upande wa njia. Ni huuhuu, Neema, wenye namba kumi na nne, ambao Jumapili uliusema ni wa kizamani. Lile tundu la mashariki waliliziba kwa matofali makavu yaliyong'atana na ya zamani, wakaacha kadirisha kadogo juu, chini ya paa. Mama mwenyewe ndiye aliyekaomba. Alisema jua likitaka kumsalimu lipite pale, lakini lisimzuilie wageni. Ukuta aliusiliba kwa viganja vyake.

Hakuzungumza tena habari ya kurudi. Aliishi hapa miaka mingi, akawazika wenzake mmoja mmoja, na zamu yake ilipofika jeneza lake lilitokea kwenye mlango huu. Mai Chisomo alikaa kwenye khonde na wanawake wa kijijini kwake, wakaimba kwa Chichewa mpaka jioni, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na kwa kuwa wewe ni mtu wa vipimo nitakupa kwanza ya vipimo. Usiguse ukuta wa udongo mvua zikikaribia. Tofali bichi liache likauke mpaka likigongwa lilie. Ukuta mpya ushikamanishe na wa zamani, usiusimamishe tu katikati. Kabla ya kutoboa, simama nje siku ya mvua ujue inatoka wapi, maana mvua ya kwetu ziwani si mvua ya hapa, na video ya simu yako ilipigwa mahali ambapo mimi sipajui.

Lakini hayo hata fundi wa sokoni angekuambia. La kwangu ni lile ambalo babu yako alilipa kwa machozi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Unapotaka kumtengenezea mtu nyumba, mpime yeye kwanza. Mwulize anakaa wapi asubuhi, anamsubiri nani, ni sauti ya nani akiikosa siku inakuwa ndefu. Upendo usiouliza unaweza kumzibia mtu mlango na kungoja ashukuru.

Na sisi wazee tunayo sehemu yetu. Koko angesema mapema, ukuta usingeanguka. Mimi Jumapili nilisema aksanti huku moyo wangu unasema hapana, na hiyo si heshima, ni woga wa kumvunja moyo mtoto. Kwa hiyo nasema leo. Mlango wa njiani naupenda. Vumbi lake nimelizoea. Mai Chisomo hauzi tena, macho yake yamepungua, lakini mjukuu wake humleta mpaka hapa siku akiwa na nguvu, na anaujua mlango huu kwa kupapasa ile namba. Akija akakuta ukuta, atapiga odi kidogo, kisha ataondoka.

Paa linavuja juu ya cherehani yangu. Hilo liguse. Sakafu nayo itakushukuru kwa saruji kidogo, na kadirisha ka mashariki kanahitaji fremu mpya, ya ukubwa uleule. Njoo na nyundo yako, nitakupikia.

Mungu aliyetupa mahali pa kulala tukiwa hatuna pa kwenda aibariki mikono yako, Neema. Kila utakachojenga kisimame, na kila utakayemjengea akusikie unamwuliza. Upate nawe, ukizeeka, mtu wa kukupigia odi na mlango wa kumwitikia. Jumamosi utanikuta nimekaa pale pale, kwenye khonde. Pita mbele.